Namba Tisa Isiyosema Kitu

Jumanne asubuhi stima ilipotea Silanga, ndani ya Kibera, ikarudi, ikapotea tena, na iliporudi mara ya tatu dekoda ya Timothy Mulei ikakataa kuamka. Mulei aliihesabia. Kwa kawaida ilichukua hesabu ya sabini tangu abonyeze swichi hadi sauti ya kwanza itoke kwenye spika. Siku hiyo alifika mia mbili, akaanza tena kutoka moja. Akaigusa kwa juu. Ilikuwa na joto, kwa hiyo haikuwa imekufa, lakini haikutoa neno.

Watu wa ploti walikuwa na mzaha wao kuhusu dekoda hiyo, kwa sababu haikuwa na televisheni. Televisheni iliuzwa miaka mitatu iliyopita, macho ya Mulei yalipozimika kabisa. Presha ya macho, daktari alisema, na akasema pia kwamba walichelewa. Kilichobaki ni dishi juu ya mabati, spika moja, rimoti, na hiyo dekoda nzito aliyoachiwa na mhandisi mmoja wa Lavington aliyekuwa akihama nchi. Mulei aliitumia kusikiliza redio. Alikuwa na stesheni ishirini na tatu, alizozipanga mwenyewe wakati bado anaona kidogo, pua ikigusa kioo, moja baada ya nyingine kama anayejenga msingi.

"Baba Mutuku," jirani yake Nicanor alizoea kumtania, "Kibera nzima ni wewe peke yako mwenye dishi la redio. Si ununue karedio ka mia tano kama sisi?"

"Karedio kako kanashika Kitui kule ndani?"

"Mimi natafuta nini Kitui?"

"Basi niachie dishi langu."

Kaluki, mkewe, aliporudi mchana kutoka kwenye kibanda chake cha mboga karibu na bwawa, alimkuta mzee ameipakata dekoda kama mtoto mwenye homa. Hakuwa ameonja ugali aliomwachia.

"Imekufa," Mulei akasema. "Ipeleke kwa yule fundi wa Kawangware."

"Nitaipeleka wiki ijayo, nikiwa na nafasi."

"Leo, Kaluki."

Alimwita Kaluki. Watu wote wa ploti walimwita Mama Mutuku, hata mtoto wa miaka miwili wa Nicanor, lakini mumewe alikuwa ameliacha jina hilo tangu kijana wao Mutuku aondoke, miaka mitano sasa. Kaluki alishazoea, au alijiambia ameshazoea. Akaifunga dekoda kwa leso, akailaza ndani ya beseni juu ya mboga za sukuma ambazo hazikununuliwa, akajitwika.

*

Fundi wa Kawangware alikuwa mwanamke, Aoko, na kibanda chake kilijaa dekoda zilizofunguliwa matumbo. Kwenye benchi alikaa mteja mmoja akisubiri rimoti yake. Alimtazama Kaluki akitoa mzigo kati ya mboga.

"Mama, hiyo ni ya kuangalia mpira?"

"Ni ya mzee wangu. Anasikilizia redio. Haoni."

Yule mtu akacheka kwa nguvu, akatafuta mtu wa kucheka naye. "Kipofu na dekoda! Aki Nairobi haiishi vituko."

Kaluki akayainamisha macho kwenye sukuma zake, akaanza kuzipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Kwani redio inatazamwa?" Aoko akauliza bila kuinua kichwa. Akamrushia mteja rimoti yake. "Yako imepona. Enda."

Alipoifungua dekoda ya Mulei, uso wake ulibadilika. Aliigeuza upande huu na ule, akapuliza vumbi, akachungulia ndani kwa tochi ya simu.

"Mama, hizi siletewi sana. Zile zingine zikiharibika unatupa tu. Hii ndani ni kompyuta kabisa, inaendeshwa na Linux. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Maana yake haifichi kitu. Kila kitu chake ni faili, na unaweza kufungua usome. Hata ile list ya redio za mzee ni maandishi tu. Mimi nitaisoma kama barua."

Kaluki akavuta kigoda karibu. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kitu cha waya bila kumharakisha. Aoko akachomeka kebo kutoka kwenye dekoda hadi kwenye kompyuta yake, akaandika maneno mawili matatu, na mistari ya herufi nyeupe ikaanza kupanda kwenye kioo cheusi.

"Hapa ndipo imekwama," Aoko akasema akionyesha kwa kidole. "Stima ilipotea ikiwa katikati ya kuandika. Nitatoa vitu vyake vyote niweke kwa flashi, niifute, niweke mfumo mpya, halafu nimrudishie redio zake."

"Hazitapotea?"

"Mimi sifuti kitu cha mtu kama sijaweka kopi. Hiyo ni sheria yangu."

Ilikuwa sheria nzuri. Lakini Aoko alikuwa na nyingine isiyo nzuri sana, nayo ni kwamba hakuweza kumrudishia mteja list chafu. Alipoifungua list ya Mulei alishtuka. Za Kikamba zilichanganyika na za Kikuyu, mahubiri yalikaa katikati ya taarabu, na stesheni tatu hazikuwa na sauti yoyote. Namba tisa, namba kumi na nne na namba ishirini zilikuwa kimya kabisa.

"Masikini, haoni, ndiyo maana," akasema. Akazifuta zile tatu. Akazipanga zilizobaki kwa lugha, Kikamba mwanzo kwa heshima ya mzee, kisha Kiswahili, Kikuyu, mahubiri na muziki. "Hiyo ya kusafisha nimemfanyia bure."

Kaluki alimshukuru mara mbili, akamlipa, akamwachia na mafungu mawili ya sukuma juu yake. Alirudi Silanga kwa miguu akiwa na furaha ndogo, ile ya mtu aliyefanya jambo likakubali.

*

Hesabu ilifika sitini na moja tu, na spika ikasema. Mulei akacheka. "Ina nguvu mpya!" Kidole gumba kikatafuta kwenye rimoti kile kidude kidogo kilicho juu ya kitufe cha tano, kikateremka mstari mmoja, kikasogea kulia, kikabonyeza tisa.

Mwanamke akaanza kutangaza dawa ya kuku.

Mulei akabonyeza tena. Dawa ya kuku.

"Hii ni nini?"

"Ni redio," Kaluki akasema. "Fundi amekusafishia. Zile mbovu ametoa. Zako za Kikamba ziko moja hadi sita."

"Ametoa tisa?"

"Tisa ilikuwa haisemi kitu. Hata mimi nimekuwa nikikuona ukiiweka unakaa hapo kama uko kanisani."

"Najua haisemi kitu. Nirudishie."

Kaluki akaketi polepole. "Baba, nimebeba hiyo kitu kichwani mpaka Kawangware. Nimechekwa. Nimelipa elfu moja na mia mbili. Nimerudi kwa miguu. Na wewe unataka nikurudishie kimya?"

"Ndiyo."

"Kwani hicho kimya kina nini?"

Jibu lenyewe Mulei alikuwa amelificha miaka miwili na zaidi, na kadiri siku zilivyopita lilikuwa limezidi kuwa gumu kutoa.

Namba tisa ilikuwa Redio Nzambani, stesheni ndogo ya Kitui. Kila Jumapili saa tisa alasiri ilikuwa na kipindi cha salamu, ndiyo maana Mulei aliiweka namba tisa. Watu walituma majina, mtangazaji aitwaye Kavindu akayasoma, na kila mtu aliweka ujumbe wake mwishoni, kama ilivyo desturi. Siku moja, Kaluki akiwa kwenye chama cha akina mama kama kila Jumapili, Kavindu alisoma salamu za mtu aliyejiita Mshika Timazi wa Emali. Alisalimia Baba Mutuku na Mama Mutuku, popote walipo. Alisema alikuja Makina, walikokaa zamani, kuwatafuta, akakuta nyumba zimebomolewa kupisha barabara na pale palipokuwa mlango wao pana lami. Ujumbe wake ulikuwa swali moja tu: macho ya mzee yanaendeleaje?

Timazi ni ile kamba yenye kichuma mwishoni ambayo fundi wa mawe huiteremsha kujua kama ukuta umesimama wima. Mutuku ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake. Siku ukuta mmoja wa Gatina, kule Kawangware, ulipoonekana umepinda na mwenye nyumba akaja juu, Mulei alimgeukia kijana mbele ya wafanyakazi wote akamwambia ameshika timazi vibaya. Mutuku akasema, "Baba, nilikuambia umepinda. Ni macho yako." Mulei akamzaba kofi, akamwambia asikanyage kwake tena. Nyumbani alimwambia Kaluki kwamba kijana amechoka na kazi ya mawe, ameenda zake. Miezi michache baadaye nyumba zikabomolewa, simu ya Kaluki ikapotelea kwenye ile vurumai pamoja na laini na namba zote, na kwa hiyo wakawa hawana mtoto wala namba yake.

Tangu salamu ile ya kwanza, Mulei alizisikia zote. Kila Jumapili Mutuku alisalimia, kila Jumapili aliuliza macho, na kila Jumapili Mulei aliapa kwamba leo atamwambia Kaluki. Lakini kumwambia kuhusu salamu kulimaanisha kumwambia kuhusu kofi, na hapo ulimi ulikuwa mzito. Kisha, miezi minane iliyopita, Redio Nzambani ikanyamaza. Mulei aliiacha pale pale kwenye tisa yake na kuisikiliza ikiwa kimya. Aliamini siku ikirudi itarudi mahali pake. Sasa mahali pake palikuwa na dawa ya kuku.

*

Jumatano hakula. Alhamisi alikula kidogo, kwa hasira. Ijumaa Kaluki alimsikia akibonyeza namba kutoka moja hadi ishirini, akisubiri kidogo kwenye kila moja, kisha akirudia. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtia Kaluki wasiwasi. Mulei wa kulalamika alimjua.

Alipokuwa akiuza mboga alimsimulia Nicanor, aliyepita kununua vitunguu. "Wewe ungetaka redio isiyosema?"

Nicanor akafikiria kwa dhati. "Labda anapenda kupumzika. Mimi na huyu mtoto wangu anayelia, ningenunua hata mbili."

"Si mzaha."

"Basi muulize."

"Nimemuuliza. Anakuwa jiwe."

Jumamosi Mulei akasema, "Nipeleke mwenyewe."

"Wapi?"

"Kawangware. Kwa huyo fundi."

Kaluki aliweka chini kisu cha kukatia sukuma. Tangu apofuke, Mulei hakuwa ametoka nje ya Kibera hata mara moja. Kanisani alikwenda, na chooni, na hapo mlangoni juani. Kawangware hasa hakutaka kabisa kukanyaga, na Kaluki alidhani ni kwa sababu ndiko kulikokuwa na kazi zake za mwisho.

"Kesho, baada ya kanisa," akasema. "Lakini chama kitanikosa, na nitataka kujua ni kwa nini."

*

Waliondoka saa saba kasoro, yeye mbele na dekoda mgongoni ikiwa imefungwa kwa leso kama mtoto, Mulei nyuma ameshika bega lake. Watoto walipiga kelele, "Babu amemshika mama asitoroke!" Mulei alijikwaa mara tatu na kila mara akasema si kitu. Jasho lilimtoka kuliko hali ya hewa ilivyostahili. Walipofika Gatina hatua zake zilikuwa fupi, na Kaluki alihisi vidole vyake vikibana bega.

Aoko alikuwa kibandani akimenya chungwa. Alimpisha Mulei kwenye benchi.

"Wewe ndiye umefuta tisa yangu?" Mulei akaanza, bila salamu.

"Ni mimi, mzee. Ilikuwa haina signal, nikaona nikusaidie."

"Nimekuwa fundi wa mawe miaka thelathini. Sijawahi kuingia kwa nyumba ya mtu nikatoa jiwe eti kwa sababu sijui linafanya kazi gani."

Aoko aliacha kumenya. Angeweza kukasirika, maana kazi aliifanya bure. Lakini alimwangalia yule mzee, viatu vyake vilivyojaa vumbi la njia nzima, akaona aibu ya kweli.

"Pole, mzee. Ningeuliza kwanza. Lakini sikuitupa, kopi iko." Akafungua droo iliyojaa flashi, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Akaichukua iliyoandikwa *Mzee wa Silanga*. "Hebu tuone hiyo tisa yako ni nani."

Maandishi yakafunguka kwenye kompyuta, na Kaluki akasogea tena pale alipokaa Jumanne. Aoko akahesabu mistari kwa kalamu. "Hii hapa. Hizi namba ndefu ni anwani. Zinaiambia dekoda ielekee wapi huko juu. Na jina ni hili, Redio Nzambani."

"Ya kwetu!" Kaluki akasema. "Si ilifungwa?"

"Nani amesema imefungwa?"

Kusema kweli hakuna aliyekuwa ameuliza.

Aoko alishalisahau chungwa. Alichomeka dekoda kwenye dishi lake la kibandani na kwenye televisheni ndogo iliyopasuka pembeni, akaanza kuipekua anga upya, kila mahali, si pale penye anwani ya zamani tu. Mstari mdogo ukaanza kutambaa kwenye kioo. Alimsomea Mulei ulipofika, kwa kuwa aliona anaelekeza sikio. "Asilimia kumi, mzee. Ishirini na tano. Imepata mpya nane. Arobaini. Hizo ni za Waarabu. Sabini." Kaluki alikuwa ameshika ukingo wa meza bila kujua anatarajia nini. "Mzee! Iko hapa. Redio Nzambani. Haikufungwa, ilihamishwa tu ikapewa anwani nyingine. Wewe ulikuwa unabisha kwa nyumba ambayo watu wamehama."

"Tangu lini?"

"Tangu iliponyamaza kwako."

"Kwa hiyo miezi minane yote ilikuwa inasema?"

"Kila siku, mzee."

Mulei alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakumbuka kitu, akageuza uso upesi. "Saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Basi iweke hapo tisa uzime. Tutasikiliza nyumbani."

"Aa, mzee, umetembea mpaka huku! Sikia kwanza kama ni yenyewe."

"Nimesema uzime!"

Lakini kidole cha Aoko kilikuwa kimeshabonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaa kibanda, kwa Kikamba, changamfu, ikisoma majina ya watu wa Mutomo na Kyuso na Mwingi. Kaluki akatabasamu bila kutaka. Miaka mingapi hajasikia majina ya kwao yakisomwa namna hiyo! Aoko, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitabasamu naye kwa kuwa kazi yake ilikuwa nzuri.

"Na sasa," Kavindu akasema, "rafiki yetu Mshika Timazi wa Emali. Huyu tangu aanze hajakosa Jumapili hata moja. Anawasalimia Baba Mutuku na Mama Mutuku, popote walipo tangu nyumba za Makina zibomolewe. Ujumbe wake ni ule ule ambao sote tunaujua sasa: macho ya mzee yanaendeleaje? Baba Mutuku, kama unasikia, mjibu kijana, hata sisi huku tunataka kujua." Akaweka wimbo.

Kaluki hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama tu.

"Wamesema nini?" Aoko akauliza.

"Mutuku wangu," Kaluki akasema. "Ni mtoto wangu." Kisha akamgeukia mumewe, na akaanza kuelewa polepole, kitu kimoja baada ya kingine: ile tisa, Jumapili, chama, yule mzee aliyekaa mbele ya kimya kama yuko kanisani. "Amesema ujumbe ambao sote tunaujua. Wewe ulikuwa unaujua?"

"Kaluki."

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa naujua."

"Tangu lini?"

"Ni kama miaka miwili kabla haijanyamaza."

"Miaka miwili!" Sauti yake ilipanda hata mwuza maji wa nje akachungulia. "Mimi nimelala kwa hicho kitanda nikijiuliza kama mtoto yuko hai. Naenda kanisani naombewa. Kila mtu ananiita Mama Mutuku na mimi naitika, naitika, na ndani najiambia labda naitika jina la maiti. Na wewe Jumapili unamsikiliza kama mpira?"

Aoko akaipunguza sauti ya wimbo, kisha akaona sasa ugomvi ndio unasikika zaidi, akaiacha hivyo.

"Sikukuambia ukweli ule wa kwanza," Mulei akasema. "Hakuenda zake. Nilimpiga. Hapo Gatina, dakika kumi kutoka hapa, mbele ya watu. Ukuta ulipinda nikasema ni yeye." Aliongea akielekeza uso mahali ambapo Kaluki hakuwepo tena, kwa kuwa alikuwa amesogea. "Alipoanza kuuliza macho nilishindwa. Ningemjibu nini? Kwamba alisema kweli?"

"Ndiyo! Ungemjibu hivyo!"

Kaluki alitoa simu kutoka kifuani. Alikuwa na hasira, na kitu kingine ambacho kilikuwa furaha, na alichukia kwamba vimekuja pamoja. "Fundi, wimbo ukiisha watasema namba ya kutuma. Mimi nitaandika kutoka kwa simu yangu, wewe nisaidie kuishika hiyo namba wakiisema Kizungu." Akaketi kwenye benchi kando ya mumewe. "Sema. Siandiki langu. Lako."

Mulei alikohoa. "Andika, macho hayaoni tena."

Kaluki aliandika, herufi moja moja. "Hiyo ni habari. Bado jibu."

Wimbo uliisha, Kavindu akataja namba, Aoko akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Watu wengine wakasalimiwa. Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati, na mzee alionekana akiisikiliza hiyo nyundo kuliko kitu kingine.

"Andika," akasema mwishowe, "timazi ilikuwa sawa. Ni mimi nilipinda ukuta. Andika hivyo, Mama Mutuku."

Kidole cha Kaluki kilisimama juu ya simu. Hakuonyesha kwamba amelisikia hilo jina. Aliandika neno kwa neno, akaongeza wako Silanga, akaweka namba yake, akatuma. Kisha wakakaa. Aoko alijifanya anapanga waya ambazo alishazipanga.

Kavindu alisoma salamu za watu wanne. Aliposoma ya tano alianza kwa kasi kama kawaida, halafu akapunguza, halafu akasimama kabisa, na hewani kukawa na kimya kifupi, ambacho Mulei alikijua vizuri kuliko mtu yeyote. Akaisoma tena tangu mwanzo, polepole, macho hayaoni, timazi ilikuwa sawa, ni mimi nilipinda ukuta, na mwisho namba ya simu. Mulei alimpiga kijana mbele ya wafanyakazi kumi na wawili. Sasa alikuwa amemjibu mbele ya Kitui nzima, na kila mkulima mwenye redio alikuwa amesikia. Mulei aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Sasa tungoje," Kaluki akasema.

Hawakungoja sana. Simu ililia kabla Kavindu hajamaliza kutoa machozi hewani. Namba ilikuwa ngeni. Kaluki aliitazama, na hapo akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza: akaibonyeza, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Baba?" Sauti ilikuwa nzito kuliko ile waliyoijua. "Baba, ni wewe? Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia," Mulei akasema. "Zote. Isipokuwa za hii miezi minane."

"Kwa nini hukusema kitu?"

Mulei alijaribu. Alijaribu kweli kweli, lakini kila alichokuwa nacho alikuwa amekwisha kukisema redioni. Kwenye spika Kavindu alikuwa akipiga makofi peke yake. Aoko aliizima dekoda.

Kaluki akanyoosha mkono.

"Leta hapa," akasema. "Wewe umekuwa naye Jumapili mia nzima peke yako. Hii ni yangu."